Injini Inayomisi: Historia ya Cheche, Moshi na Mafundi, Kutoka Detroit Hadi Huruma ya Eldoret

Mwaka 1908 kiwanda cha Henry Ford mjini Detroit kilianza kuuza gari lililoitwa Model T. Mwaka huohuo msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, ulipanda kwa mikokoteni ya ng'ombe kutoka Nakuru hadi nyanda za juu za Uasin Gishu, ardhi ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imewanyang'anya wafugaji wenyeji. Shamba lililopimwa kwa nambari 64 likageuka posta. Mwaka 1912 posta ikapewa jina la Eldoret, mwaka 1924 reli ikafika, na tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ikatawazwa kuwa jiji la tano la Kenya.

Huruma ni mtaa wa wafanyakazi wa jiji hilo, wodi mojawapo ya eneo bunge la Turbo. Gari la Huruma ni gari la kazi: Probox inayobeba abiria asubuhi na magunia jioni, Corolla ya teksi, Hiace ya matatu. Mengi yalikwisha kutumika Japani miaka kadhaa kabla ya kupakuliwa Mombasa, kisha yakapita mikono miwili mitatu ya Wakenya. Yakifikishwa kwa fundi, malalamiko ni mawili na mara nyingi huja pamoja. La kwanza, injini inamisi, yaani silinda moja au zaidi inakosa kuwaka kwa zamu yake, gari linatikisika na kukosa nguvu. La pili, konvata imekufa, lile bati la ekzosi lenye masega ya kauri ambalo kazi yake ni kusafisha moshi.

Kwa kawaida konvata ndiyo inayoshtakiwa kwanza, ikakatwa na kuuzwa, na bomba tupu likachomelewa mahali pake. Nadai katika makala haya kwamba hukumu hiyo hutolewa kinyume. Konvata ni nadra kufa kwa uzee wake pekee. Huuawa na injini inayomisi, na mafuta mabaya, na oili inayoungua. Ili tuelewe kwa nini tumezoea kumhukumu aliyeumizwa na kumwachia aliyeumiza, lazima turudi nyuma zaidi ya karne moja.

Cheche, hewa na mgandamizo

Mjerumani Nicolaus Otto aliunda injini ya mapigo manne mwaka 1876: kuvuta, kugandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Miaka 10 baadaye Karl Benz akapata hataza ya gari lake. Tangu hapo hadi leo kila silinda ya injini ya petroli imedai vitu vitatu: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, mgandamizo wa kutosha, na cheche yenye nguvu kwa wakati wake. Kikikosekana kimoja, silinda inamisi. Fundi anayeshika utatu huu moyoni ameshika nusu ya kazi.

Cheche ndiyo iliyosumbua zaidi mwanzoni. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi wa Robert Bosch, alikamilisha magineto ya volti kubwa iliyofanya kazi pamoja na plagi, na plagi ikawa mlinzi wa lango la injini mpaka leo. Model T ya Ford ilikuwa na koili nne ndani ya kisanduku cha mbao, kila silinda na koili yake. Baadaye Mmarekani Charles Kettering akaleta mfumo wa betri, pointi na distributa, ambamo koili moja ilihudumia silinda zote, na mfumo huo ukatawala kwa zaidi ya nusu karne. Probox ya leo imerudi kwenye wazo la zamani: koili nne, silinda nne.

Tuzipime cheche hizo kwa hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 25 kwa sekunde. Injini nzima inahitaji cheche 100 kila sekunde, kila moja ya maelfu ya volti. Plagi iliyolika au koili iliyopasuka haihitaji kukosea zote ili gari litetemeke. Chache tu zinatosha.

Kuhusu hewa, Eldoret ina sheria zake. Jiji limekaa kwenye urefu wa takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba kwa karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu zake kabla hata haijaanza kuugua. Barabara ya kutoka Nakuru hupanda zaidi bado, ikapita Timboroa kwenye zaidi ya mita 2,700. Fundi wa Huruma anapima gari katika hali ambazo waandishi wa vitabu vya kiwandani hawakuziwazia.

Enzi ya kabureta

Katika miaka ya 1960 na 1970 gari la heshima barabarani Afrika Mashariki lilikuwa Peugeot. Mbio za Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, zililitangaza kuliko tangazo lolote. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyomaliza mbio hizo, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1975 Ove Andersson akashinda kwa 504. Peugeot zikawa teksi za masafa marefu za Bonde la Ufa na magharibi ya Kenya, na gereji za miji ya bara zikajengwa juu ya maarifa yake.

Maarifa hayo yalikuwa ya kabureta na pointi. Kabureta haijui mwinuko. Tundu lake la petroli lina kipimo kimoja, liwe bandarini Mombasa au Timboroa. Gari lililorekebishwa pwani likipanda Eldoret hupata hewa kidogo kwa petroli ileile, na mchanganyiko huwa mzito kwa takriban asilimia 10. Plagi zikajaa masizi meusi makavu, cheche ikapotelea kwenye masizi, na injini ikaanza kumisi. Dawa ilikuwa kubadilisha jeti ndogo zaidi, kusogeza taimingi mbele kidogo, kusafisha pointi kwa msasa na kupima upenyo wake.

Hapo ndipo ilipozaliwa elimu ya kusoma plagi, ambayo haijapitwa na wakati. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu ni petroli nyingi au hewa kidogo. Nyeusi yenye oili ni ringi za pistoni au mipira ya vali iliyochoka. Nyeupe yenye malengelenge ni joto kali na petroli chache. Uwekundu wa kutu mara nyingi ni mabaki ya manganizi au chuma kutoka viongezeo vya mafuta. Fundi aliyezitoa plagi zote nne na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda zake alikuwa na ripoti kamili mbele yake, bila umeme wala skrini.

Serikali ilichelewa kuwaona mafundi hawa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu Kenya iliyoeleza kwamba sekta isiyo rasmi ina tija na faida, si aibu ya kufichwa. Mwaka uliofuata Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na mahitaji ya mafundi yakapanda. Ilipofika mwaka 1992 serikali ilikuwa na waraka rasmi wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Kwa miaka 20 hiyo, kijana alijifunza kando ya fundi wake kwa kushika spana na kusikiliza injini. Alichokosa ni vipimo, na pengo hilo lingeonekana wazi mashine mpya zilipofika.

Risasi kwenye petroli, kichocheo kwenye ekzosi

Huko Marekani hadithi nyingine ilikuwa imeanza mapema zaidi. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors, akifanya kazi chini ya Kettering yuleyule, aligundua kwamba mchanganyiko wenye madini ya risasi hunyamazisha mgongano wa injini. Petroli yenye risasi ilianza kuuzwa mwaka 1923. Injini ikatulia, na sumu ikasambazwa duniani kupitia kila ekzosi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo sana. Mwanajiokemia Clair Patterson alipoonyesha mwaka 1965 jinsi binadamu walivyokwisha kuchafuliwa na risasi, viwanda vilimpinga kwa miaka.

Los Angeles nayo ilikuwa imefunikwa na ukungu uliochoma macho. Mwanakemia Arie Haagen-Smit alithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukungu huo huundwa na jua linapogonga moshi wa magari na viwanda vya mafuta. Mfaransa Eugene Houdry, aliyekuwa amehamia Marekani, alibuni kichocheo cha kusafisha moshi wa magari na kupata hataza katika miaka hiyohiyo ya 1950. Lakini kifaa chake hakikuweza kuishi: risasi ya petroli ilikipaka na kukiua.

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 ililazimisha mabadiliko. Watafiti wa kampuni ya Corning walitengeneza kauri yenye maelfu ya vijia vyembamba mfano wa masega ya nyuki. John Mooney na Carl Keith wa Engelhard wakaunda kichocheo cha kazi tatu. Magari ya Marekani ya mwaka 1975 yakaanza kutoka na konvata, na Volvo ikaleta sensa ya oksijeni kwenye magari yake ya mwaka 1977.

Ufundi wake ni huu. Kauri hupakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo hugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi, petroli isiyoungua kuwa mvuke na kaboni dioksidi, na oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida. Ili kazi zote tatu zifanyike kwa pamoja, injini lazima ichome gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli, na sensa ya oksijeni ndiyo inayolinda kipimo hicho. Konvata huanza kazi ikishapata joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi.

Udhaifu wake umo humohumo. Silinda ikimisi, petroli mbichi na oksijeni isiyotumika hutupwa ekzosi pamoja, na hukutana ndani ya konvata iliyokwisha kuwa moto. Zinawaka pale. Joto hupanda kupita nyuzi 1,000, madini ya thamani hushikana na kupoteza uso wake, na kumisi kukiendelea kauri yenyewe huyeyuka na kuziba njia ya moshi. Kwa hiyo plagi ya bei ndogo isipobadilishwa huua kifaa cha bei kubwa.

Magari ya Japani yakutana na petroli ya Mombasa

Kenya ililegeza masharti ya uagizaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, na magari yaliyotumika Japani yakamiminika bandarini. Japani ilikuwa imebana sheria za moshi tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mengi yalikuja na konvata, sensa na injini za injekta. Lakini petroli ya Kenya bado ilikuwa na risasi. Mwaka 1994 bomba la mafuta lilifikishwa Eldoret na Kisumu, na petroli ikafika bara kwa urahisi kuliko awali, na risasi ndani yake.

Matokeo yalikuwa ya lazima. Risasi iliziba uso wa kichocheo na kuiharibu sensa ya oksijeni. Fundi aliyekata konvata iliyoziba wakati huo alikuwa na hoja: kifaa kilikwisha kufa, kipya hakikuwepo, na kingekuwepo kingekufa vilevile. Mazoea ya kukata yalikuwa na mantiki ya zama zake.

Zama hizo zimekwisha. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar na kuazimia kuacha petroli ya risasi. Mwaka 2002 ukaundwa ushirika wa kimataifa wa mafuta safi ulioratibiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi. Ilipofika Januari 2006, eneo lote la kusini mwa Sahara lilikuwa limeacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021. Aidha, kuanzia Januari 2015 Afrika Mashariki ilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Kuondolewa kwa risasi ni ushindi mkubwa wa afya ya umma, nao ulisimamiwa kutoka ardhi ya Kenya. Inasikitisha kwamba hoja ya kukata konvata iliondoka mwaka 2006, na msumeno ukabaki.

Badala ya risasi alikuja adui mwingine, mafuta ya taa. Kwa kuwa yalitozwa kodi ndogo, wafanyabiashara wasio waaminifu waliyachanganya na petroli na dizeli. Ndiyo maana Septemba 2018 Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuvunja faida ya udanganyifu huo. Petroli iliyochanganywa huwaka vibaya, hugonga, hujaza plagi masizi na kupeleka uchafu wake kwenye konvata. Gari likianza kumisi siku ileile lilipojazwa mafuta, swali la kwanza la fundi liwe: ulijaza wapi, na una risiti?

Taa ya injini na lugha yake

Mwaka 1996 Marekani ililazimisha magari yote mapya madogo yawe na mfumo mmoja wa kujipima. Kompyuta husoma kasi ya mzunguko wa injini. Silinda ikikosa kuwaka, mzunguko hupungua kwa kitambo kidogo sana, na kompyuta hulihesabu kosa hilo. Kodi (yaani msimbo wa hitilafu) P0300 husema silinda mbalimbali zinamisi ovyo. P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. P0420 husema konvata haisafishi kwa kiwango kinachotakiwa. Taa ikiwaka tuli, gari likapimwe karibuni. Taa ikipepesa injini inapovuta, kompyuta inapiga yowe kwamba kumisi kumefikia kiwango cha kuyeyusha konvata. Dereva apunguze mwendo mara moja, na safari ya mlima iahirishwe.

Magari ya soko la ndani la Japani hayakufuata lugha hiyo kikamilifu tangu mwanzo. Toyota Probox ilitoka mwaka 2002, na nyingi za miaka ya mwanzo hukataa kuzungumza na skana za bei nafuu. Fundi asiyejua hili husema kompyuta imeharibika. Anayejua huunganisha kwa kipande cha waya matundu ya nne na ya 13 ya soketi ya uchunguzi ya Toyota, swichi ikiwa imewashwa, kisha huhesabu mapepeso ya taa kwenye dashibodi.

Kodi ni mwanzo wa uchunguzi. P0302 haisemi "nunua koili". Inasema silinda ya pili haiwaki, na kazi ya fundi ni kujua ni kipi kati ya vile vitatu kimekosekana.

Utaratibu wa kumtafuta mkosaji

Hapa nazungumza na mwenye gari la zamani na fundi wake pamoja, kwa sababu hasara humpata mmoja na lawama humpata mwingine.

Anza na cheche, kwa kuwa haina gharama kuipima. Hamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu. Kodi ikihama kutoka P0302 hadi P0303, koili ndiyo mbaya. Isipohama, fanya vivyo hivyo na plagi, kisha na injekta ikiwa inafikika. Tazama ndani ya shimo la plagi: oili ikijaa humo, gasketi ya kifuniko cha vali imechoka na umeme unavuja kabla ya kufika. Kwa magari ya distributa, kagua kofia, rota na nyaya. Gizani, waya mbovu huonyesha vijicheche pembeni.

Endelea na hewa na mafuta. Injini inayomisi ikiwa imetulia na kupona ikipigwa resi huenda inavuta hewa ya pembeni kupitia mpira uliopasuka kwenye manifoldi. Inayomisi ikivuta mzigo tu, mlimani, huenda ina pampu dhaifu ya petroli, filta iliyoziba au koili inayoshindwa chini ya shinikizo. Pima presha ya petroli kwa geji kabla ya kununua pampu.

Kisha pima mgandamizo, na hapa Eldoret isisahauliwe. Silinda inayotoa psi 180 Mombasa itatoa takriban psi 145 Huruma ikiwa nzima kabisa. Kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari kitakuambia injini imekufa, na utafanya oveholi isiyohitajika. Kilicho muhimu ni ulingano: silinda moja ikiwa chini mno kuliko nyenzake, ndiyo yenye vali au ringi mbovu. Geji ya vakyumu nayo hushuka kwa karibu inchi moja ya zebaki kwa kila mita 300 za mwinuko. Injini nzima inayosoma inchi 17 hadi 21 pwani husoma kama 10 hadi 14 hapa. Namba hizo zastahili kuandikwa ukutani kwa rangi katika kila gereji ya Uasin Gishu.

Hapo tu ndipo konvata ifikishwe mahakamani. Igonge taratibu kwa nyundo ya mpira ikiwa imepoa: ikilia kama njugu ndani ya kopo, kauri imevunjika. Shikilia injini kwenye mizunguko 2,500 huku ukitazama geji ya vakyumu: sindano ikishuka polepole bila kusimama, ekzosi imeziba. Uthibitisho bora ni kufungua sensa ya oksijeni ya mbele na kupachika geji ya shinikizo: injini ikitulia isipite takriban psi 1.5, na kwenye mizunguko 2,500 isipite psi 3. Kwa P0420, linganisha sensa mbili. Katika magari mengi ya rika hili sensa ya mbele hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ya nyuma ikitulia, konvata inafanya kazi. Ikiiga ya mbele, konvata imechoka. Kabla ya hukumu hakikisha ekzosi haivuji, maana tundu dogo huingiza hewa na kumdanganya kila mtu.

Konvata ikithibitika kufa, swali la mwisho ndilo kubwa: nani aliiua? Kama ni plagi, zimebadilishwa? Kama ni oili inayoungua, fosforasi yake itaiua na mpya. Kama maji ya rejeta yanaingia silinda kupitia gasketi ya kichwa, nayo pia ni sumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa madini ya bei.

Madini ya thamani chini ya gari

Thamani hiyo ndiyo imeongeza kishawishi. Machi 2021 bei ya rodiamu ilipita dola 29,000 kwa aunsi. Wizi wa konvata ukalipuka duniani: nchini Marekani ofisi ya taifa ya uhalifu wa bima ilihesabu madai 1,298 mwaka 2018 na 14,433 mwaka 2020. Afrika Mashariki nayo ina wanunuzi wa masega, na mwenye gari anaweza kushawishiwa kuuza kifaa kizima kwa fedha za wiki moja, bila kujua alichouza.

Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kufuatia uharibifu wa miundombinu ya umeme. Lakini nguvu ya serikali ilielekezwa kwenye nyaya na minara. Konvata iliyokatwa haizimi taa za nchi, kwa hiyo kilio chake hakisikiki upesi.

Hasara yake hata hivyo ni kweli. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 40 yalikuja Afrika. Kenya imejilinda kwa kiwango cha KS 1515 kinachokataza gari la zaidi ya miaka minane kuingia nchini. Ulinzi huo ni wa siku ya bandarini. Gari lililoingia na konvata safi mwaka 2010 lingali barabarani leo, na sheria ya umri haiulizi limebaki na nini chini ya tumbo lake. Kanuni za Ubora wa Hewa zipo, na magari ya abiria na ya biashara hupelekwa ukaguzi kila mwaka, lakini kipimo cha moshi hakijawa desturi ya kila siku ya gari la mtu binafsi. Anayelipa ni mtoto anayetembea kwenda shule kando ya foleni ya matatu, na mama muuza mboga anayeketi kwenye kimo cha ekzosi kuanzia alfajiri.

Hukumu

Historia hii ina funzo moja lililojirudia. Midgley alinyamazisha mgongano wa injini kwa risasi, na dunia ikachukua karibu miaka 100 kuiondoa sumu hiyo. Anayekata konvata ili kunyamazisha taa anafanya kosa la ukoo huohuo: anaondoa dalili na kuuacha ugonjwa, na gharama anaibeba jirani. Injini itaendelea kumisi, petroli itaendelea kupotea, na pistoni itaendelea kuoshwa oili na petroli mbichi.

Fundi wa Huruma si adui wa hewa safi. Ni mrithi wa watu waliozifikisha Peugeot Timboroa kwa bisibisi na sikio, na akili hiyo haijapungua. Anachohitaji ni geji ya mgandamizo, geji ya vakyumu, geji ya presha ya petroli, skana inayoelewa magari ya Japani, na cheti kinachotambua ujuzi alioupata kazini. Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu na vyuo vya ufundi vya Eldoret vinaweza kuweka seti moja ya vipimo hivyo mahali ambapo mafundi wa mtaa wataikodi kwa saa. Ni gharama ndogo kwa jiji jipya linalotaka kupumua.

Nawe mwenye gari, unapolipeleka kwa fundi, mlipe pia kwa muda wa kupima, si kwa spea peke yake. Mwombe akuonyeshe plagi zote nne kabla hajagusa ekzosi. Akikuambia konvata ikatwe, muulize ni kipimo gani kimeihukumu na ni kitu gani kimeiua. Kama hana jibu la maswali hayo mawili, gari lako bado halijachunguzwa.